Kaka aliacha pombe usiku wa vunja jungu, chungu cha tatu hakututambua: dalili tulizokuwa tunaziona bila kuzijua

Mwana wa Mahuta (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo tangu Ramadhani iliyopita. Leo nimeona nilitoe, kwa sababu naamini huku kwetu Kusini kuna nyumba nyingi zinalo ndani na hazilijui.

Kaka yangu wa baba mmoja mama mmoja ana miaka 44. Ni mkulima wa korosho, mikorosho aliyoachiwa na marehemu mzee. Si mgomvi, hajawahi kuinua mkono kwa mkewe, hajawahi kuokotwa mtaroni. Ndiyo maana hatukumwita mlevi. Mlevi kwetu alikuwa yule anayepepesuka njiani akitukana wapita njia. Kaka alikuwa anakunywa na bado anatembea wima, anaamkia wakubwa, anahesabu kilo zake pale chama cha msingi bila kukosea hata moja. Watu walimsifu kwamba ana kichwa kigumu, pombe haimuwezi. Na sisi ndugu tulipokea hizo sifa.

Usiku wa vunja jungu, wa kuamkia mfungo, alikunywa nipa, gongo letu la huku Kusini, mpaka saa 6. Akatia nia, akasema mwaka huu nafunga zote na pombe siirudii tena. Mama alilia kwa furaha.

Chungu cha kwanza, yaani siku ya kwanza ya mfungo, kufika adhuhuri, mikono ikaanza kutetemeka na jasho likawa linamtoka amekaa kivulini. Tukasema ni swaumu, hajazoea. Magharibi akaonja uji, ukarudi. Usiku hakufumba jicho. Chungu cha pili, tunajiandaa kula daku, tukasikia kishindo. Tumemkuta chini, macho yamegeuka, meno yameumana, mwili mzima unapigapiga sakafu, amejikojolea. Hakuwahi kuwa na kifafa maishani mwake. Chungu cha tatu hakututambua. Aliniita kwa jina la marehemu baba. Alikuwa anaokota siafu kwenye shuka na siafu hawapo, anabishana na watu ukutani, mwili unachemka kama wa mtu mwenye malaria.

Mzee mmoja akasema ni mahoka, mizimu ya mababu, yamekasirika. Wengine wakasema kuna mtu alimwonea kijicho bei ilipopanda mnadani. Akaitwa fundi, yaani mganga. Usiku mzima ulikwenda kwenye mafusho, na ule ndio usiku ambao alipaswa awe na dripu mkononi. Hilo linaniuma mpaka leo, maana mimi ndiye niliyetoa pesa ya fundi.

Asubuhi tulimpeleka hospitali. Tabibu aliyempokea ni kijana tu. Aliuliza maswali mawili: anakunywa? Na mara ya mwisho amekunywa lini, saa ngapi? Shemeji yangu alipojibu, yule kijana akaita wenzake. Alituambia huyu hajarogwa wala si kichaa, mwili wake ulishakuwa unaitegemea pombe, na pombe imekatwa ghafla. Alilazwa siku 8.

Nje ya wodi kuna benchi. Mimi na shemeji tulikaa pale siku zote 8, tukaanza kurudi nyuma. Wakuu, dalili zilikuwepo miaka miwili!

Kwanza asubuhi yake. Kaka alikuwa hashiki kikombe cha chai mpaka azunguke nyuma ya nyumba. Shemeji alidhani anakwenda msalani. Kumbe kwenye stoo ya magunia kulikuwa na chupa ya maji ya nusu lita, na ndani si maji. Akirudi mkono umetulia, anakunywa chai, anacheka na watoto. Aliacha kujinyoa mwenyewe, akawa ananyolewa na mwanawe. Na hili la saini ndilo lililonishangaza zaidi nilipolielewa: siku za malipo hakwenda benki asubuhi hata foleni iwe ndefu vipi. Alikwenda baada ya saa 5. Aliwahi kwenda mapema siku moja, akarudishwa kwa kuwa saini haikufanana na iliyopo kwenye kumbukumbu. Sisi tukailaumu benki.

Halafu usiku wake. Aliamka saa 9 shuka limelowa jasho, na alfajiri alikuwa anatapika kavu, hakitoki kitu. Tulisema vidonda vya tumbo.

Halafu safari. Tulikwenda naye Dar kwenye msiba, basi la alfajiri. Kabla ya kufika Kilwa alikuwa amenyamaza, uso umelowa, magoti yanacheza, anauliza kila mara tumefika wapi. Nangurukuru gari liliposimama alishuka, akapotea kama dakika 10, akarudi mzima kabisa na kuanza kupiga soga. Nilidhani alikuwa na haja. Alikuwa na haja kweli, ila si ile niliyoidhania.

Na kingine ni kwamba ulevi wake ulikuwa umekonda. Sijui niseme vipi. Zamani alikuwa anakunywa uraka, pombe ya mabibo, wakati wa msimu wa hayo matunda ya mkorosho, chini ya mkorosho na wenzake, na bia harusini. Msimu ukiisha na yeye anapumzika. Miaka hii ya mwisho haikuwa tena msimu, haikuwa wenzake, haikuwa sherehe. Ilikuwa nipa, peke yake, saa zilezile kila siku, kama mtu anayekunywa dawa.

Nauliza wenye ujuzi: mtu atajuaje mapema kabla hajafika tulikofika sisi?

Bibi wa Mikindani

Pole mwanangu, na mpe pole mama yako. Usijilaumu kwa fundi, na mimi nilimwita kwa mwanangu wa kumzaa. Yeye hakufika hospitali. Ilikuwa zamani, na mpaka nilipousoma uzi huu leo nilikuwa najua alikufa kwa kurogwa.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Bibi, pole sana. Mungu amrehemu.

Mleta uzi, asante kwa kuandika. Mimi ni muuguzi mkoa wa Lindi, mwaka wa 11 wodini, na ulichokieleza nakiona mara nyingi. Si Ramadhani peke yake. Tunampokea aliyevunjika mguu kwa pikipiki, amelazwa kwa ajili ya mfupa, siku ya pili au ya tatu anang'oa dripu na kutafuta mlango, ndugu wanadhani kichwa kimepata ufa. Tunampokea aliyekaa mahabusu siku mbili. Tunampokea aliyeishiwa pesa kabla ya malipo ya mnada. Wote pombe imekatika ghafla kwenye mwili uliokwisha kuizoea.

Baba yangu alikuwa mvuvi, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ya kwetu. Dau likipigwa na upepo mkali, mabaharia wanahamia joshini, upande unakotoka upepo, ili uzito wao ulizuie lisilale. Upepo ukiendelea, chombo kinakwenda sawa, na aliyesimama ufukweni haoni tatizo. Sasa upepo ukate kwa mara moja, watu wote bado wamening'inia upande mmoja. Dau linawalalia.

Pombe ndiyo upepo. Kichwani inatuliza: inaipa nguvu kemikali ya ubongo inayopunguza kasi, GABA, na inaibana ile inayochochea, glutameti. Mtu akinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo unahamia joshini, unajiongezea uchochezi ili mtu aweze kusimama, kuongea na kuhesabu kilo zake. Hicho ndicho mnachokiita kichwa kigumu. Hakuna kichwa kigumu, ni ubongo uliojipanga upya kwa ajili ya pombe. Mtu anayekunywa kiasi cha kuwalaza watatu na halewi ni wa kuogopewa, si wa kusifiwa.

Siku pombe ikikosekana, uchochezi wote unabaki bila wa kuushika. Kati ya masaa 6 na 12 tangu tone la mwisho huanza mikono, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, hofu isiyo na sababu, usingizi kupotea. Degedege mara nyingi huja ndani ya masaa 48 ya mwanzo. Kuweweseka kwa kaka yako, kuona siafu, kutotambua watu, homa, presha kupanda, huja zaidi kati ya siku ya 2 na ya 4. Hatua hiyo inaua isipotibiwa. Kwa hiyo mtu akimaliza siku moja salama msimwache peke yake, kilele bado.

Umeuliza dalili za mapema. Ukiniruhusu kuchagua moja tu, nitachagua asubuhi. Angalia mtu akoje kabla hajagusa kitu, halafu angalia akoje nusu saa baada ya kugusa. Akiwa mgonjwa kabla na mzima baada ya kunywa, mwili umeshafungwa. Watu wa vilabuni wanaita kuzimua, au kutoa loki, na wanaichukulia kama jambo la kawaida la mnywaji yeyote. Aliyelewa harusini akaamka na kichwa kinagonga, chakula na maji na usingizi vitamrudisha, na harufu ya pombe atakuwa haitaki. Huyu mwingine ndiyo kwanza anaitafuta.

Ulivyosema ulevi umekonda nimependa, kwa sababu wataalamu waliona kitu hichohicho. Griffith Edwards wa London na Milton Gross wa New York walieleza mwaka 1976 hali ya utegemezi wa pombe, na miongoni mwa alama walizoweka ni kwamba unywaji unakuwa wa namna moja, haubadiliki kwa sikukuu wala siku ya kazi. Nyingine ni kwamba mtu akiacha hata kwa miezi, akirudia, ndani ya siku chache yuko palepale alipokuwa. Ndugu mkiliona hilo msidhani amefanya makusudi.

Kuna maswali manne ambayo daktari wa Marekani, John Ewing, aliyachapisha mwaka 1984, nayatumia mpaka leo nikiwa na mgonjwa peke yetu. Umewahi kuona unapaswa kupunguza? Watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema juu ya pombe? Umewahi kujisikia vibaya moyoni kwa sababu ya kunywa? Umewahi kunywa asubuhi, mara tu ulipoamka, ili utulize mwili au uondoe uchovu wa jana? Akijibu ndiyo mara mbili namkalisha tuongee. La nne likiwa ndiyo, simwambii aache leo. Namwambia aje tupange namna ya kuacha.

Mzee wa Kivinje

Nesi nakuheshimu, lakini mnawatia watu hofu. Mimi nimekunywa tembo la mnazi tangu kijana. Mwaka 1998 niliamua siku moja, nikaenda msikitini, sikuugua hata mafua. Mtu akiambiwa kuacha ni hatari atapata kisingizio cha kuendelea. Kinachotakiwa ni imani.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mzee wangu shikamoo. Sikupingi juu ya imani, wengi walioacha wakabaki wameacha walikuwa nayo. Naomba nikuulize: ulikuwa unakunywa asubuhi kabla ya chai? Kuna siku ulikaa bila tembo, labda safarini, ukatetemeka?

Mzee wa Kivinje

Marahaba. Asubuhi hapana. Tulikuwa tunakunywa jioni baada ya bahari. Siku nyingine wiki inapita.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Basi mzee wangu ulikuwa mnywaji, lakini mwili wako ulikuwa haujafungwa. Mtu wa namna yako akiamua leo, aache leo, na Mungu ambariki. Wengi wako hivyo. Kaka wa mleta uzi alikuwa na imani ileile, alitia nia ileile, ila ubongo wake ulikuwa umeshahamia joshini. Tukiwapa ushauri mmoja nyie wawili, mmoja tunamzika.

Hofu yako kuhusu kisingizio naielewa. Jibu langu ni kwamba anayetetemeka asubuhi ana haraka zaidi ya kuja hospitali kuliko yeyote. Anakuja ili aache salama: anapewa dawa za kumtuliza kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, diazepamu ndiyo inayopatikana zaidi, na vitamini B1. Kwa kawaida kilele kinapita ndani ya wiki.

Hiyo B1 niseme kidogo maana ndugu huwa hawaijui. Mnywaji wa kila siku hali vizuri, na hata akila, pombe inazuia isinyonywe ipasavyo. Ikimwishia, macho yanachezacheza, miguu haishiki njia, akili inachanganyika, na asipoipata mapema kumbukumbu inaweza isirudi kamwe. Ndiyo maana tunaitanguliza kabla ya dripu ya sukari. Na ndiyo maana ni lazima mtuambie ukweli kuwa anakunywa. Ndugu wanaficha kwa aibu, hasa mbele ya shekhe au padri aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Tuiteni pembeni mtuambie.

Chikongola

Nimesita kuandika. Mimi ndiye huyo kaka, yaani si kaka wa mleta uzi, lakini ni mimi.

Nilianza na viroba, ile pombe kali ya vifuko. Vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 nilihamia nipa. Watu wanafikiri mtu kama mimi nilikuwa nakunywa kwa raha. Raha iliisha mapema sana. Miaka mitatu ya mwisho nilikunywa ili niwe kama wewe unavyoamka. Saa 10 alfajiri moyo unadunda kama nimefukuzwa, ngozi inawasha, mlango ukigongwa nataka kulia. Glasi ya kwanza naishika kwa mikono miwili na nyingine inamwagika kifuani. Nikipata ya pili, dunia inatulia. Halafu nahesabu: hii itanifikisha saa ngapi? Nimebakiwa na kiasi gani? Nani ananikopesha? Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hiyo hesabu, ya ufundi ilikuwa ya pili.

Niliacha ghafla mara nne, kwa aibu, baada ya mke kuondoka, baada ya mtoto kunikuta nimejitapikia. Mara ya kwanza nilitetemeka tu. Ya pili nikasikia watu wananiita nje usiku, natoka hakuna mtu. Ya tatu degedege. Ya nne sikumbuki, nimesimuliwa.

Nesi, ni kweli kila mara inazidi?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ni kweli. Kila kukata ghafla na kurudia, ubongo unakuwa mwepesi zaidi kuwaka mara inayofuata. Kama umewahi kupata degedege au kuweweseka, usijaribu tena nyumbani. Uko wapi sasa?

Chikongola

Mwezi wa 14 bila tone. Mara ya tano nililazwa, nikaanza kwa dawa, nikatoka nikakaa kwa dada yangu mbali na vilabu. Mikono imetulia. Naandika saini yangu saa yoyote.

Mama Wawili

Samahanini kuingilia. Niko wilaya ya Nachingwea. Mume wangu anakunywa kila siku, na asubuhi ndivyo mnavyosema. Jana tuligombana akavunja chupa, akasema basi. Sasa hivi anatoka jasho, ametapika mara tatu, vidole havishiki kijiko. Anasema ni malaria. Nimemtuma mtoto duka la dawa akanunue vidonge vya usingizi. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Dada, mrudishe mtoto. Vidonge hivyo usimpe mwenyewe; mwili ukiwa bado una pombe vinaweza kumzuia kupumua, na kipimo hukijui. Mara ya mwisho amekunywa saa ngapi? Amewahi kuanguka kifafa?

Mama Wawili

Jana saa 1 jioni. Mwaka jana alianguka mara moja, tukaambiwa amechoka.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mpeleke sasa hivi, usisubiri jioni. Hospitali, si zahanati, kama usafiri upo. Bodaboda akae katikati, na mtu mzima nyuma yake amshike, maana degedege inaweza kumkuta njiani. Ikimkuta mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Andika kwenye karatasi: amekunywa mwisho jana saa 1 jioni, anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, aliwahi kuanguka mwaka jana. Malaria watampima hukohuko, inawezekana anayo pia.

Mwana wa Mahuta

Shemeji, mwambie unampeleka kupima malaria. Atakubali. Sisi kaka alikuwa anagoma kila tukitaja pombe.

Bibi wa Mikindani

Mwanangu nenda. Usigeukie kwa mtu yeyote njiani.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Wakati tunamsubiri dada, nijibu waliouliza kwa ujumbe wa pembeni. Macho ya njano, tumbo kujaa maji na miguu kuvimba ni dalili za ini kuharibika, jambo jingine na utegemezi, ingawa mara nyingi vinakaa kwa mtu mmoja. Kuna mwenye ini zima anayetetemeka kila asubuhi. Na kuna mnywaji mkubwa wa zamani ambaye ghafla analewa kwa glasi mbili. Ndugu wanafurahi kwamba amepunguza, kumbe ini limechoka haliimudu tena. Huyo naye aletwe.

Aliye mbali na hospitali na anatetemeka asubuhi: msimfungie ndani akate kwa siku moja. Apunguze kidogo kidogo huku mkitafuta usafiri. Nasema hili kwa uzito, maana nipa haina kipimo. Ya leo si sawa na ya jana na huwezi kujua kilichomo. Kwa hiyo kupunguza ni kwa ajili ya kuvuka siku hizo chache mpaka mfike, si tiba.

Mwana wa Mahuta

Wameuliza hali ya kaka. Miezi mitano alikaa vizuri. Mabibo yalipoanza kudondoka akaonja uraka, akasema ni juisi tu. Siku ya nne alikuwa kwenye nipa, asubuhi, nyuma ya nyumba. Ila safari hii shemeji hakusubiri. Alimwambia usiache, panda pikipiki twende. Alilazwa siku 5, hakuanguka, hakuona siafu. Sasa tuko wiki ya saba, na mwaka huu mabibo yetu yote tumewapa majirani.

Mama Wawili

Nimerudi hewani, samahanini, simu iliisha chaji. Tumefika saa 8 mchana. Daktari kaniuliza mara ya mwisho amekunywa lini, nikampa karatasi. Amechomwa sindano ya vitamini, kawekewa dripu, kapewa dawa. Malaria hana. Saa 2 usiku mwili ulianza kukakamaa, lakini tulikuwa tayari ndani na wakamuwahi. Sasa amelala. Mikono bado inacheza usingizini, nimeishika.